Chai ya Wifi

Marashi yalimtangulia. Kabla wifi yake hajatokea mlangoni, Kinanda alishajua kwamba mwanamke yule ameingia tena chumbani kwake, amefungua kabati, ametoa ile chupa ya marashi ya jukwaani na kujimwagia kama mtu anayezima moto. Marashi yale yalikuwa na sharti moja: hayaguswi ila siku ya kuimba. Leo hakuna aliyekuwa anaimba. Leo watu wa televisheni walikuwa wanakuja saa nne asubuhi kumhoji hapo hapo sebuleni kwake, na wifi alikuwa amevaa gauni la kijani lenye shanga kifuani, gauni ambalo Kinanda mwenyewe alilivaa mara mbili tu maishani.

"Limenikaa, eti?" wifi akauliza, akijigeuza huku na huku.

"Limekukaa," Kinanda akasema. Lilikuwa limembana kwapani mpaka mshono unalia.

"Ngoja kwanza, una kitu hapa." Wifi akalamba kidole gumba, akamfuta nacho shavuni.

Kinyaa kilimpanda Kinanda. Mate ya mtu mzima kwenye shavu la mtu mzima! Akatoa leso akajifuta, akajifuta tena, na bado akahisi ubaridi wa yale mate pale pale. Miaka ya kukaa na wifi ilikuwa imemfundisha kwamba ukimwambia neno dogo atakujibu kwa neno kubwa, na neno kubwa la nyumba ile lilikuwa moja tu: kwamba Kinanda hakuzaa.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Jina la Kinanda alipewa na watu akiwa na kumi na tisa, kwa ajili ya sauti, na lile alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vitambulisho na midomoni mwa waliokwisha kufa. Nyumba ilikuwa yake. Aliijenga kwa koo lake, chumba kwa chumba, albamu kwa albamu. Mdogo wake wa kiume alihamia humo na mkewe mwaka ambao Kinanda alikuwa na miaka thelathini na miwili, kwa wiki mbili tu, wakisubiri rangi ikauke kwenye nyumba waliyopanga. Rangi hiyo haijakauka mpaka leo.

Mdogo wake huyo aliitwa Mshauri. Hakuna aliyekumbuka nani alianza kumwita hivyo, ila yeye mwenyewe alilishika jina kama cheo. Kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa msimamizi wake: akipatana na wenye kumbi, akipokea simu, akimwambia avae nini na acheke wapi. Sasa alikuwa amekaa kwenye kochi, akichokoa meno kwa njiti ya kiberiti. Alipomaliza aliitazama njiti, akainusa, akaichomeka kwenye chombo cha maua.

"Dada, twende tena," akasema. "Akikuuliza habari za watoto unajibuje?"

"Najua ninavyojibu."

"Hebu niambie."

"Mungu hakupanga. Mashabiki wangu ndio watoto wangu."

"Ehe. Halafu?"

"Halafu nanyamaza kidogo. Halafu nasema, 'Na huyu hapa.'"

"Na huyu hapa!" Mshauri akapiga goti kwa furaha. "Hapo unamshika mwanangu Meneja mkono. Halafu karatasi inatoka, unaweka sahihi, nchi nzima inaona. Nani atakuja kubisha kesho? Hakuna!"

Karatasi yenyewe ilikuwa mezani, ndani ya bahasha ya kaki, na kalamu juu yake. Mwanasheria alikuwa ameshaiandaa: nyumba, na haki zote za nyimbo, kwa mtoto wa mdogo wake. Na Kinanda hakulazimishwa na mtu, hilo lisemwe wazi. Alikuwa ameamua mwenyewe. Meneja alizaliwa mikononi mwake, alisoma kwa nyimbo zake, na sasa, akiwa na miaka ishirini na sita, ndiye aliyekuwa akipokea simu zake badala ya baba yake. Alikuwa kijana mwema. Kama mtu hana wa kumzaa, basi ana wa kumlea, na Kinanda alitaka kufa akijua kwamba ana mtu.

Jambo moja tu lilimkera asubuhi ile kuliko marashi, kuliko mate na njiti. Katikati ya sebule, palipotakiwa kuonekana vizuri kwenye picha, wifi alikuwa ameweka kitanda cha mtoto. Kilikuwa kitanda kidogo cha mbao, cha rangi ya buluu iliyochubuka, na ndani yake alilala mtoto wa Meneja, wa miezi mitano, akinyonya ngumi. Mama yake alikuwa kazini.

"Kitanda hiki kimetoka wapi?" Kinanda aliuliza alipokiona.

"Stoo. Nimekipangusa vizuri. Nyumba isionekane kavu, wifi, watu watasema."

Kavu! Kitanda kile alikinunua Kinanda mwenyewe, kabla Meneja hajazaliwa. Hakukinunulia Meneja.

*

Watu wa televisheni walikuja watatu. Mtangazaji alikuwa msichana mwenye adabu aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mpiga picha alikuwa kijana mnene aliyepigana na taa yake tangu alipoingia. Wa tatu alikuwa fundi wa sauti, mzee mwenye ndevu nyeupe, na yeye ndiye pekee aliyemsalimia Kinanda kama mtu anayejua anamsalimia nani.

"Shikamoo, mama. Nilikufungia maiki miaka ile, uwanjani, siku ya mvua."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyefunika spika kwa koti lako?"

"Mimi. Koti lenyewe halikupona."

Wakacheka. Mtangazaji akaeleza mpango: atazungumza na mama peke yake kwanza, kisha familia itasema maneno machache, kwa hiyo wote wafungwe maiki mapema wasije wakasumbuka baadaye. Fundi akambana kila mmoja kimaiki kidogo kifuani, chenye waya unaoingia kwenye kisanduku cha kiunoni kinachorusha sauti hadi kwenye mashine yake. Wifi alichekacheka akifungwa chake. Kilibanwa kati ya zile shanga, na kwa wingi wa shanga hakikuonekana hata kidogo.

"Hivi ndo vinavyosikia?" akauliza.

"Vinasikia, mama."

"Ajabu kweli." Na kwa kuwa ni mtu asiyeweza kukaa na ajabu zaidi ya dakika moja, akasimama. "Ngoja niwapikie chai. Watu wamekuja kwenye nyumba ya watu hawajapata hata chai!"

Akaenda jikoni. Gesi ilikuwepo, lakini wifi alishikilia kwamba chai ya gesi haina ladha, na kila siku aliwasha jiko la mkaa, na kila siku moshi ulimfika Kinanda kooni. Mshauri naye akanyanyuka akamfuata mkewe, akijinyoosha.

Sasa, Kinanda alikuwa na tabia moja ya kazi, na kila aliyefanya naye kazi aliijua. Hakutamka neno kwenye maiki yoyote kabla hajaisikiliza kwa masikio yake mwenyewe. Wenye kumbi waliudhika, wapiga vyombo walisubiri, ukumbi ukapiga miluzi. Yeye alivaa hedifoni akasikiliza kwanza. "Nimeambiwa iko sawa" halikuwa jibu kwake. Aliwahi kuacha ukumbi umejaa watu kwa saa nzima kwa sababu ya waya mmoja unaokwaruza.

Fundi wa sauti aliikumbuka tabia hiyo. Bila kuombwa, akamvalisha hedifoni kubwa nyeusi. "Nimeshaanza kunasa, mama, kujaribu tu. Sikiliza, halafu utaniambia." Hapo karakana ya jirani ikaanza kusaga chuma, kelele za kutoboa fuvu. Mtangazaji akashika kichwa. Fundi akacheka, akatoka naye kwenda kuwaomba wasubiri nusu saa.

Sebuleni wakabaki mpiga picha na taa yake, Meneja aliyekuwa akisukuma kitanda taratibu kwa mguu huku akisoma simu, na Kinanda na hedifoni. Akasikia pumzi yake mwenyewe, safi. Akasikia nguo ikisuguana. Halafu akasikia mkaa unapulizwa.

"Tia sukari nyingi," sauti ya Mshauri ikasema, karibu kama yupo ndani ya sikio. "Asije akageuka mbele ya kamera."

"Ageuke aende wapi?" Wifi. "Ana nani? Asiye na mwana aeleke jiwe. Sisi ndo jiwe lake."

Mshauri akacheka kwa pua.

Kinanda angevua hedifoni hapo. Maneno ya namna ile hayakuwa mageni. Alishayasikia ukutani, mlangoni, hata mezani yakiwa yamefunikwa kidogo. Mkono wake ulikuwa tayari umefika sikioni.

"Yule binti ana maswali mengi lakini," Mshauri akaendelea. "Nimeona daftari lake. Akimchokoza habari za kile kituo cha watoto je?"

"Atasema walimkataa. Si ndivyo anavyojua?"

"Mpaka leo hajashtuka."

"Ashtukie wapi? Barua niliwashia jiko. Hapa hapa. Siku ile ile ilivyoletwa." Kijiko kikagonga sufuria. "Nikamchemshia na chai yake juu. Akanywa yote, akaniambia, 'Wifi, leo chai yako tamu.'"

Mshauri alicheka mpaka akakohoa. "Mwanamke una roho!"

"Roho? Ningempa ile barua leo ungekuwa wapi wewe? Na mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba! Mwanao angelala wapi, sakafuni? Kitanda kilikuwa kimoja."

Akasikia vikombe vikipangwa kwenye sinia, kimoja kimoja.

*

Yeye mtu mzima, aliyeimba mbele ya maelfu, hakujua afanye nini na mikono yake. Akaitazama. Ilikuwa imetulia mapajani kama ya mtu mwingine.

Mtoto alikuwa wa kike, wa miezi minane. Jumamosi kumi na sita Kinanda alikwenda kituoni kumwona, akimpakata kwenye benchi la chuma lililopakwa rangi nyeupe. Alikuwa akimwimbia polepole, na yule mtoto alikuwa akimtia vidole mdomoni, akimvuta mdomo wa chini, akichungulia ndani kutafuta mahali wimbo unapotokea. Karatasi zote za kumchukua awe mwanawe zilijazwa. Msimamizi wa kituo, mama mkali mwenye miwani, alimwambia asije tena mpaka jibu litoke, na jibu litatoka kwa barua, kabla ya mwisho wa mwezi. Akarudi nyumbani akanunua kitanda.

Mwezi ukaisha. Mshauri akajitolea kwenda kuuliza. Akarudi jioni uso umemshuka, akakaa kwenye ncha ya kochi, akasema: "Dada, wamekataa. Wanasema mwanamke wa majukwaani hafai kulea. Usiende ukajidhalilisha."

Na yeye hakwenda! Hapo ndipo kinyaa kilipomgeukia mwenyewe, kikamkaa mdomoni kama nyongo. Yeye asiyeamini waya bila kuusikiliza, yeye aliyewaweka watu saa nzima kwa mkwaruzo, jambo kubwa kuliko yote maishani aliliamini kwa kuambiwa. Aliona haya, ndiyo. Aliumia, ndiyo. Lakini kituo kilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Badala ya kwenda aliingia chumbani akalia siku mbili, na siku ya tatu wifi akamgongea mlango akiwa na kikombe cha chai na ombi: kwa kuwa kitanda kimekaa bure, si bora kiwafae?

Akakitoa. Akawashukuru hata kwa kumpa sababu ya kukitumia.

"Shangazi, vipi?" Meneja alikuwa amemwinamia. "Sauti iko sawa?"

Kinanda akavua hedifoni. Akamtazama kijana yule usoni: paji la Mshauri, mdomo wa wifi, na macho yasiyojua lolote.

"Iko sawa, mwanangu," akasema. "Inasikika vizuri sana."

Fundi akarudi, karakana ikiwa kimya. Akatazama mashine yake, taa ndogo nyekundu, kisha akatazama mlango wa jikoni wifi alipokuwa akitokea na sinia. Alikuwa mtu mzima kazini. Akasogea akajifanya anarekebisha waya begani kwa Kinanda.

"Mama," akanong'ona, "ya majaribio nifute?"

"Usifute hata kikohozi."

*

"Karibuni chai!" Wifi akagawa vikombe. Cha Kinanda alimpa mwenyewe mkononi, kwa adabu zote. "Yako nimeitia sukari, wifi. Upate nguvu."

Kinanda akakipokea. Chai ilikuwa nyekundu, nzito, yenye moshi. Akaiweka juu ya magoti, hakuinywa, na hakuiacha.

Kamera ikawashwa. Mtangazaji aliuliza vizuri. Aliuliza habari za mwanzo, na Kinanda akaeleza jinsi baba yake alivyomfukuza sebuleni kwa kuimba wakati wa taarifa ya habari. Aliuliza habari za kazi, naye akasema ukweli: kwamba nusu ya kazi ya mwimbaji ni kusubiri, na nusu nyingine ni kubembeleza watu walipe. Mpiga picha akatabasamu nyuma ya kamera. Mshauri alikuwa amesimama kando yake, ananyoosha tai ya Meneja, na kila Kinanda alipomaliza jibu alitikisa kichwa kama mwalimu aliyefaulisha.

"Mama," mtangazaji akasema, sauti imeshuka, "samahani kwa swali hili. Umeimba, umesifiwa, umezunguka. Lakini hukujaliwa mtoto. Ukikaa peke yako, unajutia?"

Nyuma ya kamera midomo ya Mshauri ikaanza kucheza: Mungu hakupanga. Mashabiki wangu.

Kinanda akanyamaza. Alinyamaza muda ule ule aliozoea kunyamaza, hata Mshauri akafumba macho kwa kuridhika.

"Swali hilo nimeulizwa miaka mingi," akasema. "Jibu lake niliandikiwa na mdogo wangu, yule pale, ananisomea kwa midomo. Leo sitalisema. Limeoza."

Mshauri akafumbua macho.

"Nilikuwa na mtoto wa kike. Jumamosi kumi na sita. Nilikuwa nasubiri barua niende kumchukua, na barua haikuja; niliambiwa wamenikataa." Akageuka. "Wifi, njoo ukae hapa. Si mlitaka familia iseme neno?"

Wifi alikuja haraka; kamera alikuwa ameingoja tangu asubuhi. Akakaa akitandaza gauni, akatengeneza uso wa huruma. "Wifi yangu ameteseka sana, jamani," akamwambia mtangazaji. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini mimi wa kwake niliuona."

"Waambie barua ilisemaje," Kinanda akasema.

"Barua gani?"

"Uliyowashia jiko."

Uso wa wifi haukubadilika mara moja. Ulibaki na ile huruma yake, imening'inia, wakati macho yamekwisha kuondoka. "Wifi, umechoka. Dada, huyu ana presha," akamwambia mtangazaji, "akiongea sana huchanganya mambo. Baba Meneja, mletee dawa zake!"

"Sina presha. Maneno nimeyasikia jikoni, ukipika chai hii. Nimeyasikia kwa hedifoni za fundi, yote, mpaka kijiko."

Mkono wa wifi ukapanda wenyewe kifuani, ukapapasa kati ya shanga, ukakikuta. Hata hapo hakukivua. Alikishika tu, kama mtu aliyekamata mdudu na anaogopa kumtazama.

"Zima!" Mshauri akaruka. "Zima hiyo! Haya ni mambo ya ndani! Nyumba gani haina mambo yake?"

Mpiga picha akamtazama mtangazaji. Mtangazaji akamtazama Kinanda.

"Nyumba ni yangu," Kinanda akasema. "Iache iwake."

"Dada, usitudhalilishe mbele ya watu!"

"Mimi?" Akacheka kidogo, cheko baya. Kisha akamrudia wifi, na sauti yake ikashuka mpaka fundi akagusa kitufe chake. "Wifi, sikuulizi kwa nini. Kwa nini naijua. Nimeilisha, nimeivisha, nimeisomesha. Barua uliisoma kabla hujaichoma, wewe huwezi kuona karatasi ukaiacha. Nakuuliza kitu kimoja. Ilisemaje?"

Wifi alimtazama mumewe, na mumewe alikuwa anatazama bahasha ya kaki.

"Mama?" Meneja alikuwa amesimama kando ya kitanda, simu imemshuka mkononi. "Mama, barua gani?"

Kama asingeuliza yeye, huenda wifi angeendelea kukana mpaka kiama. Lakini aliulizwa na mwanawe, na alipomjibu alimjibu kwa hasira, kama mtu anayedai shukrani.

"Ilisema aende Jumatatu! Jumatatu saa tatu asubuhi. Aende na shuka la kumfunikia mtoto na nguo za kumbadilisha, kwa sababu vya kituo haviruhusiwi kutoka. Na asipofika, atapewa mtu mwingine anayefuata." Akapumua. "Haya! Umefurahi? Nilifanya kwa ajili ya nani? Si kwa ajili yako wewe?"

Meneja alikuwa anatazama kitanda.

Kinanda aliikumbuka Jumatatu ile. Ilikuwa siku tupu, siku isiyo na mazoezi. Alikaa kwenye kibaraza kuanzia asubuhi akimngoja mtu wa posta, akichambua nyuzi kwenye shuka jipya ambalo alikuwa amelinunua na kulifua mara mbili lilainike. Saa tatu ilimkuta pale pale. Wifi alimletea kiti cha mgongo akamwambia akae vizuri asije akaumia kiuno.

"Mwanangu," akasema, "mtoe mtoto humo."

"Shangazi, mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Hata kidogo. Mlaze kwenye kochi, umwekee mto asianguke. Kitanda hicho kina mwenyewe."

Meneja akainama, akamwinua mwanawe. Mtoto akanung'unika, akaitafuta ngumi yake, akaipata. Kitanda kikabaki kitupu mbele ya kamera, na godoro lilikuwa limebonyea pale kichwa kilipokuwa. Mtangazaji alikuwa analia waziwazi bila kujifuta. Mpiga picha hakuwa na habari na taa tena.

Na hapo, katika kimya kile ambacho hata mwizi angeona haya kukohoa, Mshauri akasogea. Akaja upande wa dada yake, nje ya picha alivyodhani, akainama karibu na sikio lake. Alinuka chai na mkaa.

"Sawa, dada. Yameshatokea, yamepita. Tutakaa kama familia, tutazungumza," akanong'ona, na maiki yake ya kifuani ikachukua kila neno. "Ila sasa... na ile karatasi?"

Kinanda akageuza shingo akamtazama. Alimtazama kwa muda, jinsi mtu anavyotazama kitu alichokuta kwenye chakula baada ya kula nusu sahani. Kisha akaweka kikombe sakafuni, chai imejaa vile vile. Akachukua bahasha, akaifungua, akatoa karatasi ya mwanasheria, akaikunja mara moja, akaikunja mara ya pili. Mshauri alikuwa ameshika kalamu, amemnyooshea.

Hakuipokea kalamu. Alimnyooshea wifi karatasi.

"Shika, wifi," akasema. "Kawashie jiko."

Na wifi, kwa mazoea ya miaka yote ile ya kupokea, akaipokea kwa mikono miwili.